Siku 18 kati ya Mwanza na Nyamirambo

Simulizi hii nimeiunganisha baada ya kurudi nyumbani, kutoka katika daftari nililokuwa nikiandikia kila usiku na picha za simu ambazo nyingi ni za barabara, sahani za chakula na ubao wa darasani. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31, na baada ya kustaafu nilitaka kujitolea mahali ambapo lugha hii inahitajika kweli. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, lakini kupitisha sheria na kupata walimu ni mambo mawili tofauti. Kwa kupitia mwalimu mwenzangu wa zamani nilipata mawasiliano ya maktaba ndogo ya wakazi huko Nyamirambo, Kigali, ambako vijana walikuwa wakiomba mtu wa kuzungumza nao Kiswahili kila jioni. Tuliandikiana tangu mwezi wa Aprili. Walichoniomba ni vitabu na muda, na walinisihi nisije na pipi wala nguo za kugawia watoto. Nililipa nauli, chumba na chakula kwa fedha zangu mwenyewe.

Jumanne, Julai 22, 2025: Mwanza hadi Benako

Basi liliondoka stendi ya Nyegezi saa 12:40 asubuhi, nauli ikiwa shilingi 28,000. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi Kanda ya Ziwa, jambo kubwa la asubuhi hiyo lilikuwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni tu, lenye urefu wa kilomita 3. Nimesubiri kivuko pale mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, mara moja nikiwa na mgonjwa ndani ya gari, tukiitazama ng'ambo ya pili kwa saa mbili na nusu bila kuifikia. Safari hii tulivuka kwa dakika chache. Abiria waliacha kuzungumza, wakasogelea madirisha, na mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Alhamdulillahi, nimeliona."

Sengerema, Geita na Katoro tulizipita bila tukio. Kabla ya kufika Biharamulo tairi la nyuma lilipasuka, na la akiba likawa halina upepo wa kutosha, hivyo tukakaa kando ya barabara kwa saa mbili na dakika kumi. Mama mmoja aliyekuwa akichemsha mahindi mbele ya nyumba yake alituletea mabenchi mawili kwa ajili ya wazee na wenye watoto, na nilipotaka kununua mahindi mawili alinipa matatu akisema la tatu ni la safari. Sikulichukua jina lake, na hadi leo hilo linanisumbua.

Kuanzia Lusahunga barabara ilikuwa na vumbi na mashimo, na dereva alikwenda taratibu kwa kufuata malori marefu ya mizigo yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Tulifika Benako, karibu na mpaka wa Rwanda, usiku. Chumba cha wageni kilikuwa shilingi 15,000, safi, chenye neti na ndoo ya maji ya moto. Nilikula wali, maharage na samaki kwa shilingi 4,000, na mama lishe, mwanamke wa makamo, aliposikia ninakwenda Kigali alivuta kiti akakaa. Alikuwa msichana mdogo mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa saa 24 na vilima hivi vikafunikwa na mahema. Alisema anachokumbuka zaidi ni miti, jinsi ilivyokwisha kwa sababu ya kuni. Kisha akaniuliza kama Kigali kweli ni safi kama wasemavyo.

Kwa atakayepita njia hii: usipange kufika Kigali siku hiyohiyo kwa mabasi ya kuunganisha. Lala Benako au Rusumo, uvuke mpaka asubuhi ukiwa na akili timamu.

Jumatano, Julai 23: Rusumo hadi Kigali

Gari dogo la abiria lilinifikisha mpakani saa tatu kasoro asubuhi. Niliposhuka nilisikia maporomoko kabla ya kuyaona. Mto Kagera, ambao Wanyarwanda wanauita Akagera, unabanwa pale kati ya miamba na kuanguka ukiwa wa rangi ya udongo, na karibu yake upo mradi wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nilivuka daraja kwa miguu nikiburuta begi la vitabu. Sikupiga picha, kwa kuwa ni mpaka na askari wapo, na ninashauri kila mtu aombe ruhusa kwanza.

Rusumo ni kituo cha pamoja, kwa hiyo anayekwenda Rwanda huvuka kwanza, kisha hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Foleni yangu ilichukua dakika 35. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa hadi miezi sita bila kulipia viza, ila Mtanzania asije na kitambulisho cha taifa peke yake kama wafanyavyo Wakenya na Waganda. Abebe pasipoti au hati ya safari. Nilionyesha barua ya maktaba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ofisa aliisoma barua yote, akauliza kwa Kiswahili kizuri kama nitalipwa, nikajibu hapana, akaniambia, "Basi karibu, mwarimu." Nililisikia hilo *r* na moyo wangu wa ualimu ukataka kulirekebisha. Sikujua bado kwamba *mwarimu* ni neno halali la Kinyarwanda, na kwamba wiki mbili zote nitaitwa hivyo.

Mizigo ilikaguliwa kwa ajili ya mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Sisi tumeiacha mwaka 2019, kwa hiyo haikuwa shida, ila vitabu vyangu kadhaa vilikuwa vimefungwa nailoni na ilibidi niifungue yote na kuitupa pale. Fungasheni kwa karatasi au kitambaa.

Mambo mawili hubadilika kwa hatua chache. Saa inarudi nyuma kwa saa moja, na magari yanahamia kulia. La pili ndilo la hatari, kwa sababu mtu anayevuka barabara hutazama upande aliouzoea tangu utoto. Nilikoswakoswa na pikipiki ndani ya dakika kumi za kwanza, na kijana mwenye duka la vinywaji alinishika mkono akanivusha kama mama yake.

Kilomita takriban 160 hadi Kigali tulizikwenda kwa basi dogo kupitia Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana, kwa nauli iliyokuwa chini kidogo ya faranga 5,000. Faranga 1 ilikuwa kama shilingi 1.8 siku hizo. Vilima vyote vimelimwa hadi juu kwa makinga maji, na migomba inafuata barabara mwanzo mwisho. Kayonza tulisimama kwa robo saa, nikanywa bilauri ya *ikivuguto*, maziwa ya mgando mazito na baridi, pamoja na mandazi yanayoitwa *amandazi*. Wasukuma tunajua maziwa, na ninasema hayo yalikuwa mazuri.

Nyabugogo, stendi kuu, ilinichanganya. Nilitoa noti kwa ajili ya basi la Nyamirambo, nikaambiwa mabasi ya mjini hulipiwa kwa kadi tu. Kabla sijaelewa la kufanya, mwanafunzi mmoja wa chuo aligusisha kadi yake mara mbili, ya kwake na ya kwangu. Nauli yenyewe haikufika faranga 400, lakini alikataa kabisa kuipokea. "Nawe utamlipia mwingine," alisema. Nilinunua kadi yangu siku iliyofuata, na kabla ya kuondoka nilikuwa nimewalipia watu watatu.

Alhamisi, Julai 24

Asubuhi niligundua kwamba soketi za Rwanda ni za matundu mawili ya duara na chaja yangu ni ya pini tatu. Njooni na plagi ya kubadilishia. Kusajili laini ya simu kulinichukua nusu siku kwenye duka moja, kwa sababu pasipoti yangu haikuwa ikikubaliwa na mtambo wao, na hatimaye nilikwenda duka jingine ambako ilikubaliwa mara moja.

Chumba changu kilikuwa cha faranga 12,000 kwa siku pamoja na chai ya asubuhi, kwenye nyumba ya mjane mmoja mtelemko wa pili kutoka barabara kuu. Kigali ni mji wa vilima, na mtu wa umri wangu anapaswa kujua hilo: kutoka chumbani hadi maktaba zilikuwa ngazi 114, nilizihesabu. Usiku kuna baridi, kwani mji uko juu zaidi ya mita 1,500.

Darasa la kwanza lilikuwa saa 11 jioni. Walikuja watu 19. Walikuwamo wasichana wawili wanaosomea uongozaji wa watalii, kijana utingo wa lori anayetaka kuwa dereva wa njia ya Dar es Salaam, mama muuza vitenge anayefuata mzigo Kariakoo, na waendesha pikipiki wanne, ambao huko huitwa *abamotari*, waliokuja na helmeti mbili mbili, ya dereva na ya abiria, kama sheria inavyowataka.

Nilikuwa nimeandaa somo la ngeli kwa namna niliyolifundisha miaka yote, na niliandaa saa nzima. Liliisha kwa dakika kumi na tano. Niliandika ubaoni *mtu, watu*, wakaandika wao *umuntu, abantu*. Nikaandika *kitabu, vitabu*, wakajibu *igitabo, ibitabo*. Ngeli wanazo tangu utotoni, na upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi wangu wa Kiswahili kutoka Ulaya waliulilia, kwao ulikuwa kama kukutana na ndugu. Kilichowasumbua ni *l* na *r*. Utingo aliandika "ninarara katika gari", na tulicheka pamoja nilipomwambia aseme *ninalala* huku ameshika kidevu ili asikie ulimi unavyokwenda.

Mama wa vitenge alisimama akasema, "Kila siku asubuhi ninateka watoto chakula." Kwa Kinyarwanda *guteka* ni kupika. Nilipoeleza maana ya kuteka kwetu, kwanza maji kisimani na kisha jambo baya zaidi, alishika kinywa. Alikuwa amelitumia neno hilo Kariakoo mwaka mzima.

Jumamosi, Julai 26: Umuganda

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Wanyarwanda hufanya kazi ya pamoja ya jamii, na mabasi na maduka husimama. Msafiri asipange kuondoka asubuhi hiyo. Mgeni halazimishwi kushiriki, lakini mwenye nyumba wangu alinipa jembe bila kuuliza, nami nilifurahi kuliko ningepewa kiti.

Umudugudu wetu, ambao ni kama kitongoji kwetu, ulipewa kazi ya kuzibua mtaro wa maji ya mvua na kuupanga mawe. Nilifanya kazi kando ya fundi magari na mhasibu wa benki, wote wakiwa wamevaa buti za mpira. Nimekulia vijijini wakati wa msaragambo, wa kuchimba misingi ya shule na kubeba mawe ya zahanati, na mikono yangu ilikumbuka. Baadaye watu walikaa chini ya mwembe, mkuu wa umudugudu akasoma matangazo ya bima ya afya na taa za barabarani, kisha akanitambulisha. Ilibidi niseme neno. Nilijaribu Kinyarwanda cha siku tatu, *Mwaramutse, murakoze*, watu wakapiga makofi, na kutoka safu ya nyuma sauti ya mwanamke mzee ikasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Sema na lugha yako, mama, tunasikia."

Jumapili, Julai 27 hadi Jumanne, Julai 29

Siku za kazi tu: asubuhi kupanga vitabu vya maktaba, jioni kufundisha. Chakula cha mchana nilikula mahali wanapoita *melanji*, ambako kwa faranga 2,000 unajipakulia mara moja wali, maharage, ndizi, viazi na *isombe*, yaani kisamvu, na nyama hupakuliwa na mhudumu. Wazoefu hujenga sahani kwa ustadi kuanzia chini kwenda juu. Pilipili ya matone ipo kila meza. Tone moja linatosha.

Jumanne nilifanya kosa ambalo ndilo lililobadilisha safari yangu. Msichana mmoja wa wanaosomea utalii alisema, "Kesho minaenda sokoni na dada." Nilimsahihisha mbele ya wote: si *minaenda*, ni *ninakwenda*. Baadaye alisema *mutu*, nikamsahihisha tena. Mara ya tatu alinyamaza, na nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwa adabu, "Bibi yangu ndivyo anavyosema, Mwarimu. Amezaliwa na Kiswahili."

Nilifunga somo mapema. Usiku niliandika kwenye daftari jambo ambalo nililijua kutoka vitabuni bila kulifikiri: kwamba Kiswahili kilifika Kigali na misafara ya wafanyabiashara na askari enzi za Wajerumani, kwa kuwa Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi 1916; kwamba mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1907; na kwamba Waislamu wa hapa walikaa Biryogo, ubavuni mwa Nyamirambo, wakikizungumza kizazi baada ya kizazi. Nilikuja kama mtu anayeleta lugha. Ilikuwapo kabla ya bibi yangu mimi kuisikia, maana nyumbani kwetu yeye alizungumza Kisukuma mpaka alipofariki.

Jumatano, Julai 30: Gisozi

Kwa siku hii nitasema machache. Kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, ni mahali pa maziko ya zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kuingia ni bure. Kifaa cha maelezo ya sauti hulipiwa. Nilikwenda peke yangu, kwa ushauri wa mwenye nyumba wangu, aliyesema wengine hutaka kuzungumza wanapotoka na wengine hawawezi. Chumba cha kumbukumbu ya watoto waliouawa sikukimaliza.

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika historia hii, ya wakimbizi tuliowapokea na ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha hadi mwaka 2015, na nadhani mtu wetu yeyote anayefika Kigali anapaswa kwenda. Asimwulize mwenyeji yaliyompata mwaka ule. Akitaka kusema, atasema mwenyewe.

Ijumaa, Agosti 1: Umuganura

Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni sikukuu ya mavuno. Msichana yule alikuja kunichukua baada ya chai, akiwa amevaa *umushanana*, vazi la kike la sherehe, na akaniambia kwamba bibi yake ananiita. Tulipanda pikipiki mbili hadi Biryogo, kila mmoja kwa faranga 700.

Bibi alikuwa yule wa sauti ya Jumamosi. Alikaa juu ya jamvi mbele ya nyumba ya rangi ya samawati, na wajukuu wadogo walikuwa wakipewa maziwa kwanza, kwani ndiyo desturi ya siku hiyo. Nilimwamkia *shikamoo*. Hapo nilisimama kidogo, kwa sababu kwa siku kumi hakuna aliyenielewa niliposema hivyo. Kinyarwanda hakina amkio la namna hiyo. Yeye aliitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kufikiri, kama mtu anayeitikia mlangoni kwake.

Tulikula ubwabwa, uji wa mtama, maharage mapya na mbuzi. Alizungumza saa mbili nzima. Alisema zamani mtu akisikika anasema Kiswahili mjini alionekana mjanja, tapeli, mtu wa magendo, na kwamba kumwita mtu *umuswahili* lilikuwa tusi. Baba yake, fundi cherehani, aliwakataza watoto kukizungumza nje ya Biryogo. "Sisi tulikihifadhi wakati kinatuletea matusi," alisema. "Leo kimekuwa cha serikali, wanaleta mwarimu kutoka mbali. Ni vizuri. Lakini usiwaambie watoto kwamba changu ni kibovu."

Nilimwomba radhi, na nikamwomba pia mjukuu wake mbele yake. Bibi alinishika mkono, akasema chakula kinapoa.

Siku hiyo nilianza ukurasa mpya wa daftari wa maneno yake. Alisema *kutembeza macho* kwa maana ya kutafuta mchumba, na alikuwa na majina manne ya vipimo vya unga ambayo sikuyapata katika kamusi yoyote niliyonayo.

Jumapili, Agosti 3

Jumapili ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi barabara kadhaa kuu hufungwa kwa magari asubuhi ili watu wakimbie na kutembea. Nilitembea na mwenye nyumba wangu, tukiwa wazee kati ya maelfu ya vijana, na waendesha baiskeli walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa kuwa mji ulikuwa ukijiandaa kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya mwezi Septemba, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika barani Afrika.

Jioni nilirudi Biryogo, kwenye mtaa uliofungwa magari, ambao lami yake imepakwa rangi za kila namna na meza zimepangwa katikati ya barabara. Chai ya tangawizi na maziwa, bilauri kubwa, faranga 1,000. Mishikaki ya mbuzi miwili na ndizi ya kuchoma, faranga 3,500. Adhana ilisikika kutoka msikiti wa kijani. Watu wa meza ya jirani walizungumza Kinyarwanda, wakahamia Kiswahili kwa ajili ya kichekesho kimoja, wakarudi tena.

Jumatatu, Agosti 4 hadi Alhamisi, Agosti 7

Nilibadilisha somo. Niligawa ubao kwa mstari: upande mmoja Kiswahili cha mtihani na ofisini, upande wa pili Kiswahili cha Nyamirambo, na kazi ya darasa ilikuwa kujua wakati wa kutumia kipi. Utingo wa lori ndiye aliyeieleza vizuri zaidi, aliposema kwamba hata breki hukanyagwa tofauti mlimani na tambarare. Jumatano bibi mwenyewe alikuja, akapandishwa zile ngazi na abamotari wawili, akaulizwa maswali na darasa zima kwa dakika arobaini. Tulifika kwenye salamu, na kila mwanafunzi alimwendea kwa zamu: *shikamoo*, *marahaba*, mara 22, kwa sababu darasa lilikuwa limekua.

Kwa wanaofikiria kujitolea mjini Kigali au mji wowote jirani, nina maneno matatu ya mwalimu. Wapo mawakala wanaomtoza anayejitolea fedha nyingi kwa wiki mbili. Uliza kwa maandishi fedha hizo zinafika kwa nani. Uliza uhamiaji mapema kama kazi yako, hata isiyo na malipo, inahitaji kibali, kwa sababu ziara ya wiki mbili na kukaa nusu mwaka si jambo moja. Na hakikisha huchukui nafasi ya mtu wa pale anayeweza kulipwa kwa kazi hiyohiyo. Mimi niliwaachia vitabu, na niliwashauri viongozi wa maktaba wamlipe posho msichana yule ili aendeleze darasa mara mbili kwa wiki. Wamekubali, na sehemu ya posho hiyo nimeahidi kuituma mimi hadi Desemba.

Ijumaa, Agosti 8: kurudi

Niliondoka Nyabugogo alfajiri, mjukuu wa bibi akinisindikiza na mfuko wa karatasi wenye sambusa sita na chupa ya chai. Rusumo ilichukua dakika 20 tu. Upande wa Tanzania ilikuwa Nane Nane, ofisi nyingi zimefungwa, na basi la Benako lilichelewa hadi saa saba, kwa hiyo nilikula sambusa nne nikigawa mbili kwa kijana mwenye mtoto. Nilifika Mwanza saa sita usiku, nimevumbika, na daraja likiwa limewashwa taa.

Safari yote, nauli, chumba, chakula, laini ya simu na mengineyo, ilinigharimu shilingi 812,000. Karibu nusu ni chumba, na wawili wakishirikiana itapungua sana.

Ukurasa wa maneno ya bibi sasa umekuwa kurasa tisa. Kati ya yale majina manne ya vipimo vya unga nimeuelewa ukubwa wa matatu. La nne alinieleza kwa kukunja viganja viwili, na kwa simu viganja havionekani, kwa hiyo Jumapili mjukuu wake atampigia picha akiwa ameshika unga.